Kihispania Changu cha Kwenye Simu

Mimi sijui kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshavaa viatu. Mume wangu, ambaye anaweza kutazama mvua tangu inaanza mpaka inakatika bila kubadilisha mguu, ameniambia "kaa chini" mara nyingi hadi sisikii tena. Biashara ya mapazia ilinifaa kwa sababu hiyo. Ni kazi ya kupanda ngazi na kushuka, kupima dirisha, kuvuka Kigali kukimbilia dukani Kicukiro, kubishana na fundi cherehani, halafu kurudi Kagugu kupima dirisha lile lile maana mwenye nyumba amebadili mawazo.

Kitu kimoja tu katika kazi ile kilikuwa kinaniua, nacho ni kusubiri. Mteja anakuita kwenye nyumba yake mpya, unafika, mlinzi anakufungulia, ndani hakuna hata kigoda. Unampigia. "Niko njiani, Mama." Nyuma yake unasikia pikipiki na honi za njia panda ya Sonatubes, na ukijua Sonatubes saa zile unajua mtu huyo hajaanza hata kusogea. Nilikuwa nawapigia tena na tena mpaka tunaharibiana siku, na wateja wawili walihamia kwa jirani yangu kwa ajili ya mdomo wangu. Ndipo nikaweka mchezo wa herufi kwenye simu, ili vidole viwe na la kufanya na mdomo upumzike.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Chini ya kioo kuna duara la herufi, sita au saba. Unavuta kidole kutoka herufi moja kwenda nyingine, ukiunda neno la kweli linaruka juu na kujaza vijumba vilivyo wazi. Ukimaliza vijumba vyote unapewa duara jingine. Herufi ni zile zile, maneno ni mengi, na mimi nilielewa haraka kwa sababu ni kazi yangu: kitambaa kile kile, ukikata hivi kinatosha dirisha la sebule, ukikata vile kinatoa mawili ya jikoni. Nilianza kwa Kiingereza. Nilikuwa nikisimama katikati ya sebule tupu ya mtu, mkanda wa kupimia shingoni, nikivuta kidole, na mteja akifika nilikuwa namsalimia kwa furaha hadi anashangaa.

Nyumbani mume wangu akaingia kwenye mchezo pia. Yeye alikulia Uganda, Kiingereza chake kimepigwa pasi. Mimi nilikulia Karagwe, Tanzania, kwenye familia za wakimbizi wa Kinyarwanda, na Kiingereza changu nimekiokota kwa wateja kipande kipande. Jioni tulikuwa tunafungua duara moja, kila mtu kwenye simu yake. Siku moja tulipewa T, E, A, C, H, R. Mimi nikaona "teach", nikaona "heart", nikapiga kelele kama niliyefunga goli. Yeye aliangalia duara mpaka chai ikapoa, kisha akaanza kutoa maneno moja moja: "reach", "chart", "trace", "crate". Mbio za sakafuni huishia ukingoni, akaniambia. Nilimjibu kwamba hata konokono hufika, ila anakuta watu wameshakula.

Basi tulikuwa hapo, na pengine tungebaki hapo, kama mwanangu asingepiga simu Jumapili ile.

Mwanangu wa kwanza anaishi Uhispania, Valensia. Alikwenda kusomea uhandisi wa maji, akasema anarudi akimaliza. Alimaliza. Akapata kazi ya muda, kazi ya muda ikawa kazi, kazi ikamletea mke, na mke akamletea binti ambaye mimi nilikuwa nimemwona kwenye kioo cha simu tu, hasa paji la uso. Mtoto alikuwa anasema "hola", anakimbia, nabaki nikiangalia ukuta wa watu.

Jumapili ile akasema wanakuja Krismasi, wote watatu. Nilisimama. Mume wangu akasema kaa chini. Kisha mwanangu akaeleza kwamba mke wake ana hamu ya kwenda Kinigi kuwaona masokwe wa milimani, na kule watoto wadogo hawaruhusiwi kupanda. Wangelala huko usiku mmoja. Swali lilikuwa mtoto abaki na nani.

"Swali gani hilo?" nikamwambia. "Abaki na mimi."

"Mama, shida si wewe. Mtoto anajua Kihispania tu. Mke wangu anaogopa. Anasema mtoto akiumwa, akitaka kitu, atamwambia nani? Ukiweza kuongea naye, hata kidogo tu, tutakuachia. Usipoweza, mke wangu atabaki naye hapo Kigali, mimi niende peke yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakumfundisha mtoto Kiswahili.

"Ningemfundisha nini, Mama? Kiswahili chako? Kinyarwanda cha Papa? Kifaransa nilichoanzia shule, au Kiingereza walichotubadilishia katikati?"

Kwangu masokwe hawakuwa na maana yoyote, hata wangehama mlima. Kwetu mjukuu anaachwa kwa bibi yake. Analetwa na kifurushi cha nguo, mama yake anaondoka, mtoto analala kwa bibi, anaamka amekuwa wa nyumba ile. Mjukuu anayekuja na mama yake na kuondoka na mama yake ni mgeni tu, hata akiwa na pua yako. Mimi nilitaka kuachiwa mjukuu wangu usiku mmoja. Hilo ndilo nililolitaka kuliko kitu chochote mwaka ule, na kati yangu na hilo kulikuwa na lugha nzima.

Nikafungua ule mchezo, nikatafuta mahali pa kubadili lugha. Kiswahili hakikuwepo, Kinyarwanda ndiyo usiseme. Kihispania kilikuwepo. Nikakigusa.

Siku za kwanza nilikuwa navuta kidole kama kipofu anayepapasa ukuta. Nilijaribu kila mpangilio mpaka kitu kinaruka juu. R, A, M, O: neno "amor" nililijua, kila mtu analijua. Kisha "ramo", kisha "mora", kisha "mar", na mimi sijui hata moja ni nini. Mchezo haukuambii maana. Unakupa neno, unakupigia kengele, unaendelea. Kwa hiyo nikawa natafuta maana kwenye kamusi ya simu, ambayo ilinipeleka kutoka Kihispania hadi Kiingereza, na kutoka Kiingereza nilikuwa namuuliza mume wangu, naye ananipa kwa Kinyarwanda, nami naligeuza kwa Kiswahili. Neno lilikuwa linafika kwangu limechoka.

Lakini nilikuwa naenda. Nilicheza kwenye nyumba za wateja, nilicheza kwenye foleni ya benki, nilicheza nikiwa nyuma ya pikipiki mpaka dereva akaniambia Mama nitakuangusha, shika. Dukani niliweka simu juu ya marobota ya kitambaa, nakata huku nachungulia. Fundi wangu wa cherehani, mwanamke aliyekulia Bujumbura na asiyemeza neno, alinivumilia wiki kadhaa.

"Mama, iyi simu iko nakumaliza," akaniambia siku moja bila kuinua macho kwenye pindo. "Jana umekata rideau ya dirisha ya ule mzungu fupi. Vraiment."

"Najifunza Kihispania."

"Unajifunza kwa kuvuta vidole?" Akasimamisha cherehani. "Haya, sema kitu. Niambie 'mutoto, kuja ukule'."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nayo "pan", mkate, nilikuwa nayo "mesa", meza. "Njoo" sikuwa nayo. "Ule" sikuwa nayo.

"Mesa," nikasema. "Pan."

"Yewe." Akakanyaga cherehani ikaendelea. "Ule mutoto ataona bibi yake iko muuza mukate."

Nilimkasirikia siku nzima kwa sababu alisema kweli. Lakini sikuacha, na hapo ndipo nilipokosea. Mtu mwenye akili angetafuta mwalimu. Kigali hii wapo, kuna vijana waliosomea Kuba. Mimi nilikuwa nashinda hatua baada ya hatua, mchezo unanipigia kengele na kunimwagia nyota, na kila kengele iliniambia kwamba naelekea kumzungumzisha mjukuu wangu. Nilipofika mbali nilimwonyesha mume wangu hatua niliyofikia. Akatazama, akasema vizuri. Kisha akauliza kwa upole, "Na ukimuuliza amelalaje, unasemaje?" Nikamwambia hayo yatakuja.

Hayakuja. Yaliyokuja ni maneno mafupi yanayotoka kwenye herufi saba, na sijui ni nani aliyeyachagua, maana Wahispania wa kwenye simu yangu walikuwa watu wa majini. "Remo" ni kasia. "Ola" ni wimbi. "Ancla" ni nanga. "Proa" ni mbele ya chombo. Mimi mtu wa Karagwe, naishi Kagugu juu ya kilima, maji mengi ninayoyajua ni ya tangi la mvua, nikawa na msamiati wa nahodha. Nilijua pia kiota, madhabahu, kishikio cha kikombe, na chatu.

Walifika katikati ya Desemba. Tulikwenda uwanja wa ndege wa Kanombe mapema mno kwa sababu yangu, tukasimama pale wanaposimama watu na maua. Mwanangu alipotoka nilimkumbatia mpaka akasema Mama, napumua. Kidevuni alikuwa na mvi. Hakuna mtu aliyenitayarisha kwa mvi zile. Mkwe wangu alikuwa mwembamba, macho yake makini, akanikumbatia vizuri, upande huu, upande huu, tena upande huu, alikuwa amefundishwa salamu ya hapa. Kisha nikainama kwa mtoto, nikafungua mikono, nikasema neno nililolihifadhi kwa siku hiyo.

"Nieta," nikasema. Mjukuu.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa na asiyemjua sokoni. Akajificha nyuma ya mguu wa baba yake, na huko akabaki mpaka kwenye gari.

Jioni ile tulikula isombe ya majani ya mhogo, ndizi na samaki. Mtoto alikula mkate. Mkwe wangu alinigeukia, nikajua mtihani umefika, maana aliweka uma chini na akaanza kusema polepole, neno kwa neno, macho yake kwenye midomo yangu. Ilikuwa sentensi moja, pengine mbili. Nilishika "noche". Nilishika "agua". Yaliyobaki yalinipita mbio. Wote wakasubiri. Vidole vyangu chini ya meza vikaanza kuvuta vyenyewe.

"Agua," nikasema. "Vaso. Luna." Maji, glasi, mwezi. Sikuweza kujizuia. "Remo."

Mume wangu akakohoa. Mwanangu akatazama sahani. Mkwe wangu akatabasamu, tabasamu zuri kabisa, lile tunalompa mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu sita. Kumbe alikuwa ameuliza kama mtoto akiamka usiku akitaka maji nitamsikia.

Kesho yake mwanangu alinifuata jikoni. Nilijua kabla hajaongea, alikuwa anapangusa sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Mama, usikasirike. Amesema afadhali abaki na mtoto. Mimi nitaenda na Papa."

"Nimelea wanne," nikasema. "Wewe ulikuwa na pumu. Ulikuwa huwezi hata kuvuta pumzi, sembuse kusema. Nani alikuambia wakati ule kwamba sikuelewi?"

"Mama..."

"Debe tupu haliachi kuvuma, sivyo? Ndivyo mlivyoniona jana."

"Hakuna aliyekuona hivyo. Mtoto akisema kitu kinamuuma, utajuaje?"

"Nitamwona."

"Na kama ni kitu kisichoonekana?"

Nilitoka jikoni. Nilizunguka nyumba, nikanyoosha mapazia yaliyokuwa yamenyooka, nikaenda mpaka getini, nikarudi. Nilikuwa na hasira naye, na mke wake, na mchezo ule pamoja na nyota zake. Nikazunguka tena. Mara ya tatu au ya nne nilimkuta mkwe wangu amekaa kwenye ngazi za nyuma peke yake anasuka nywele za mtoto, na nikaona anavyozishika, taratibu, asimuumize. Hasira ikapungua kidogo. Nikamwita mwanangu.

"Mwambie mke wako hivi. Maneno ninayo mengi na hayafai kitu. Sitaki maneno tena. Anipe anayosema mtoto. Akiwa na njaa anasemaje, akitaka kukojoa anasemaje, akiumwa anasemaje. Anifundishe kama anavyomfundisha mtu atakayemshikia nyumba."

Alimtafsiria. Mkwe wangu akasogea, akanipisha nafasi kwenye ngazi. Nikakaa.

Alinifundisha mchana wote. "Tengo hambre", nina njaa. "Tengo sed", nina kiu. "Tengo sueño", nina usingizi. "Quiero hacer pis", nataka kukojoa. "Me duele", inaniuma, halafu mtoto ataonyesha ni wapi. Hakutumia herufi wala kalamu. Alikuwa anaigiza. Alishika tumbo, akakunja uso, akasema me duele kwa sauti ya mtoto, na mimi nikaruka kwa haraka na kumwambia kwa Kiswahili pole mwanangu, nikamwekea mkono kwenye paji la uso. Akabaki pale chini ya mkono wangu sekunde kadhaa, mwanamke mzima. Kisha akacheka, nami nikacheka. Mtoto alitutazama sote wawili kwa mashaka.

Jioni mwanangu akaniambia, "Amesema sawa. Usiku mmoja."

Walipoondoka mtoto alilia kidogo tu getini. Mimi nilikuwa nimeshapanga siku nzima, maana nilijua tukikaa ndani tutaangaliana. Nilimchukua kwenye kazi. Tulikwenda kwenye nyumba mpya ya mteja, nyumba kubwa isiyo na kitu ndani, na mtoto alipogundua kwamba sauti yake inarudi kutoka kwenye kuta alikimbia chumba hadi chumba akipiga kelele. Sikumkataza. Nikampa ncha ya mkanda wa kupimia aishike chini ya dirisha, akaishika kwa mikono miwili, amekaza mdomo, haachii mpaka nimwambie. Mteja alichelewa sana na sikumpigia. Tulipita dukani, fundi wangu akamkatia vipande vya kitambaa cha dhahabu akajifunga kichwani. "Tengo hambre," akasema saa saba, nami nilielewa kabla hajamaliza, nikampa ndizi mbivu, nikawa najisikia mwalimu wa chuo kikuu.

Ilikuwa saa kumi na mbili, mwanga unaanza kuondoka. Mume wangu alikuwa amekwenda kwenye jumuiya. Nilikuwa jikoni nikasikia kimya, na kimya cha mtoto kila mzazi anakijua. Nikamkuta amesimama sebuleni katikati, viatu ameshavivaa, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, anaangalia mlango. Aliponiona akaanza kusema. Alisema haraka, maneno yakapanda juu ya maneno, na katikati yake kilio.

Nilichukua sentensi zangu. "¿Hambre?" Akatikisa kichwa. "¿Sed?" Akatikisa. "¿Sueño?" Akapiga mguu chini. Nikasikia "quiero", nataka, nikamnyanyua mbio mpaka chooni. Alinipiga begani, akajinasua, akarudi sebuleni analia zaidi. "¿Me duele?" nikamuuliza, najua leo kwamba hata haiulizwi hivyo, nikamgusa tumbo, masikio, koo. Hakuna. Nikampigia mwanangu, simu haipatikani. Nikampigia mkwe, haipatikani. Nikapiga tena na tena kama nilivyokuwa nikiwapigia wateja, mtoto analia, nami nilianza kuogopa. Niliogopa kweli. Niliona mkwe wangu akirudi na kumkuta mtoto wake hivi, niliona uso wake, niliona kwamba hii ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Kisha mtoto akapungukiwa na nguvu, akasema polepole, na kwa sababu alisema polepole nikasikia. "Quiero a mi mamá." Anamtaka mama yake.

Sentensi ile hakuna aliyenifundisha. Mama yake hakuiigiza siku ile kwenye ngazi, na mimi sikumuuliza. Na kwa lugha yoyote ningemwambia nini? Mama yako yuko mlimani anatazama masokwe? Nikakaa chini sakafuni mbele yake, na nilipokaa ndipo na mimi sentensi yangu ilipotoka.

"Hata mimi namtaka mwanangu," nikamwambia.

Nilimwambia kwa Kiswahili, na nikishaanza mimi sinyamazi. Nilimwambia kwamba baba yake aliniambia anakwenda kusoma na kurudi. Kwamba mwanzoni nilikuwa nauliza lini, halafu nikaacha kuuliza ili asiache kupiga simu. Kwamba amekuja na mvi kidevuni na mimi sikuziona zikiota. Nilimwambia mimi sikutaka Kihispania, Kihispania cha nini, nilitaka mtu wangu mmoja arudi, na kama harudi basi angalau kilicho chake kilale kwangu usiku mmoja. Nililia kwa sauti, jambo ambalo sijalifanya mbele ya mtu yeyote ndani ya nyumba ile. Mtoto alinyamaza kunitazama, akaona mambo ni makubwa, akaanza tena. Tukalia wote wawili, kila mtu kwa lugha yake. Alikuwa amesogea. Kufikia mwisho alikuwa ameegemea mguu wangu, kamasi zake kwenye kitenge changu, na anasema mambo yake ya mama na mimi yangu ya mtoto, wala hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Mume wangu aliporudi alitukuta pale sakafuni tunakula mkate na chai. Alitutazama macho, akajimiminia chai. Mtoto alilala kitandani kwangu, katikati yetu, miguu yake mbavuni mwangu.

Walirudi kesho yake mchana, matope mpaka magotini, mkwe wangu akishuka kwenye gari kabla halijasimama vizuri. Mtoto alimkimbilia. Kisha akarudi akanishika kidole, akakaa hapo, mkono mmoja kwangu na mmoja kwa mama yake, akisimulia kitu kirefu chenye neno "abuela" ndani yake mara nyingi, na abuela nilijua ni mimi.

Tukaingia ndani. Mwanangu alikuwa bado na begi begani, anacheka.

"Mliweza kuongea?"

"Tuliongea."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alisema anamtaka mama yake."

Akamtafsiria mke wake. Mkwe wangu akaweka mkono mdomoni, akanitazama.

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hata mimi namtaka mwanangu."

Akageuka kumtafsiria mke wake, kama alivyofanya wiki nzima. Akaanza, akaishia njiani. Mkwe wangu akamgusa mkono kumuuliza nimesema nini, akamgusa tena. Mwanangu akaweka begi chini, akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu na matope yake yote.

"Najua, Mama," akasema.